Simeon Ngatia na Sufuria Iliyokaa Nje

"Samaki haiingii kwa jikoni yangu. Haikuingia baba yenu akiwa mzima, na haitaingia leo ati kwa sababu amekufa."

"Lakini Mami..."

"Uko na tokeni, wewe?"

"Sina."

"Basi nyamaza. Tokeni iko na mimi, na bado sijamaliza."

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Hayo si maneno ya mchezo wa kuigiza. Yalisemwa asubuhi, siku moja kabla ya mazishi, katika nyumba moja ya mtaa wa Skuta, hapa mjini Nyeri. Aliyekuwa akisema ni Mama Wangui, mjane. Aliyenyamazishwa ni Wachuka, binti yake mkubwa, mwenye duka la dawa mjini. Na mtu aliyeuleta ugomvi wote huo alikuwa amelala mochari, amevalishwa suti, hana habari na yeyote.

Mtu huyo ni Simeon Ngatia. Mwanajeshi mstaafu wa Jeshi la Wanamaji. Stesheni masta mstaafu wa reli. Mume wa Wangui, baba wa Wachuka na Mutahi. Ndiye tunayemkumbuka leo. Aliyetusimulia ni Wachuka, kwa hiyo tutatembea naye.

Tuanze na hao samaki. Walikuwa verandani, ndani ya masanduku yenye barafu, na barafu ilikuwa inayeyuka. Mutahi, kitindamimba, anafanya kazi kwenye shamba la maua kule Timau. Lori la maua lenye friji huteremka hadi Mombasa limejaa waridi, na hurudi tupu. Safari hii halikurudi tupu. Dereva alipakia samaki wa Mutahi, wakapanda mlima wakiwa wamelala mahali pa maua.

"Nusa hii," Wangui alimwambia mwanawe, akifunua sanduku moja. "Samaki inanuka maua. Kesho maua ya kaburi itanuka samaki. Hii ni mazishi gani, Mutahi?"

"Mami, nipe tokeni nikujibu."

"Sikupi."

Wachuka alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama msichana wa shule. Alikuwa na jambo moja moyoni, na hakuwa na ruhusa ya kulisema. Wiki ile ya mwisho hospitalini, baba yake alimshika mkono akamwambia, "Siku yangu, watu wale samaki. Ipikwe nyumbani, na nazi, vile tulikuwa tunapika Mtongwe. Niahidi." Wachuka alifikiri mzee anatania kama kawaida yake. Akacheka, akasema, "Nimeahidi, Baba." Mzee hakucheka. Alifumba macho, akatulia.

Ahadi ndiyo hiyo. Mama hataki. Watu wanakuja kesho. Barafu inayeyuka.

Najua mnauliza, tokeni ni nini, na samaki ana kosa gani? Ngojeni. Tumjue kwanza Simeon Ngatia.

Alizaliwa upande wa Tetu, mahali pa chai na baridi. Alipojiunga na Jeshi la Wanamaji alikuwa kijana, na bahari alikuwa hajawahi kuiona. Waliomwandikisha walimuuliza kama anajua kuogelea. Akajibu, "Najua sana." Alichokuwa anajua ni kuvuka Mto Chania kwa miguu, maji yakiwa kwenye magoti, viatu mkononi. Kule Mtongwe, kambi ya wanamaji Mombasa, wakampeleka kwenye maji ya kina, wakamwambia aruke. Akaruka. Akazama, akakaa huko chini, na baadaye alieleza kwamba alikuwa anangoja afike mahali pa kusimama. Mwalimu wake alimvuta juu kwa ukosi wa shati, akamuuliza, "Wewe, si ulisema unajua?" Ngatia akatema maji, akasema, "Ya kwetu ni fupi, afande."

Alijifunza. Akawa mwogeleaji hodari, na akawa mpiga ishara wa meli, mtu wa kuzungumza na meli nyingine kwa bendera mchana na kwa taa ikiingia giza. Jambo hilo mlikumbuke. Kazi yake baharini ilikuwa ishara. Kazi yake relini ilikuja kuwa ishara pia.

Likizo ya kwanza alirudi Tetu na sare yake nyeupe, kutoka kofia hadi viatu, mwezi wa Julai, matope kila mahali. Watu wakamwona anakuja kwenye ukungu na mavazi hayo. Hakuna aliyejua mwanamaji. Mavazi meupe waliyoyajua yalikuwa ya hospitali. Kabla hajafika kwao, mama mmoja alishamkimbilia na mtoto anayekohoa. Ngatia akamwangalia mtoto, akaona aibu kukataa, akasema apewe maji moto na asali. Mtoto akapona. Hadi nywele zake zilipokuwa mvi, kule Tetu kulikuwa na wazee waliomwita Daktari, na wengine walimlaumu kwa kuacha kutibu.

Likizo hiyo hiyo ndipo alipomwona Wangui. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo samaki alipoingia.

Ngatia alienda kujitambulisha kwa wazazi wa Wangui. Mwanamume wa kule hupeleka mbuzi, hupeleka pombe ya muratina, hupeleka blanketi. Ngatia alipeleka hivyo vyote. Kisha, kwa sababu alitaka kuonekana mtu wa mbali, akaongeza nguru mzima aliyetiwa chumvi, mrefu kama mkono, amefungwa kwa gunia, aliyetoka naye Mombasa kwa treni. Akamkabidhi mama mkwe kwa mikono miwili.

Mama mkwe akalifungua gunia. Siku zile, kwa Wakikuyu wengi wa umri wake, samaki hakuwa chakula. Alikuwa nyoka wa majini. Yule mama hakupiga kelele, kwa maana mgeni hafokewi. Alishukuru, akazunguka nyuma ya nyumba, akachukua jembe, akamzika yule nguru katikati ya kabichi.

Jioni Ngatia akauliza, "Mama, mliionaje ile zawadi?"

"Nzuri sana," mama mkwe akajibu. "Kabichi zimeipenda."

Wangui mwenyewe ndiye mwenye kusimulia habari hiyo, na kila akiisimulia hucheka mpaka ajipanguse macho. Lakini sharti alilompa Ngatia halikuwa mzaha. Alimwambia, "Wewe nitaolewa nawe. Samaki yako, hapana. Sufuria yake itakaa nje. Na ukiila, utaila nje." Ngatia akakubali. Akanunua sufuria yake, akapiga msumari nyuma ya nyumba, chini ya paa, karibu na banda la kuku. Sufuria ikaning'inizwa hapo. Wakahama nyumba, msumari ukahama nao. Walipojenga Skuta, msumari wa sufuria ulipigwa kabla mlango wa mbele haujapata kitasa.

Basi huyo ndiye Simeon Ngatia wa majini. Sasa Simeon Ngatia wa reli.

Alipotoka jeshini alipata kazi ya reli, njia ya kutoka Nairobi kuja Nanyuki. Alikaa Karatina, akakaa Naro Moru, na muda mrefu zaidi alikuwa stesheni masta pale Kiganjo. Huko ndiko alikopata tokeni. Sizungumzii tokeni ya stima, ile mnayonunua kwa simu taa zikizimika. Hii ilikuwa kipande cha chuma cha kushikwa mkononi. Kati ya stesheni moja na nyingine njia ni moja. Kwa hiyo tokeni inayotolewa ni moja. Dereva asiyekuwa nayo mkononi haondoi treni. Ndivyo treni mbili zilivyozuiwa kukutana uso kwa uso.

Kuna siku bwana harusi na watu wake walikuwa ndani ya treni pale Kiganjo, wanakwenda Naro Moru, kanisa linawangoja. Treni haiondoki. Tokeni iko upande wa pili, na treni ya mizigo inateremka. Wakamsihi Ngatia. Wakamwimbia. Shangazi wa bwana harusi akamtisha kwamba atamlaani. Ngatia akasema, "Mama, nilaani, lakini nilaani ukiwa umekaa, tutangoja kidogo." Kisha akawapa filimbi yake wachezee, wakacheza ngoma kwenye jukwaa la stesheni mpaka treni ya mizigo ikapita. Bwana harusi alichelewa harusi yake mwenyewe. Lakini alifika mzima, na mtoto wake wa kwanza wa kiume alimpa jina la pili Kiganjo.

Ngatia aliileta sheria hiyo nyumbani. Nyumba yake ilikuwa ya watu wenye midomo, yeye akiwa wa kwanza, na wote walikuwa wakisema pamoja. Akatangaza kwamba mezani njia ni moja. Mwenye tokeni ndiye anayesema. Mwanzo walitumia kifimbo cha kusukumia chapati. Alipostaafu, wenzake walimpa tokeni kuukuu kama zawadi, na hiyo ndiyo ikatawala nyumba. Haiwekwi mezani. Haichukuliwi kwa nguvu. Hutoka mkono kwa mkono. Mutahi akiwa mdogo aliwahi kuinyakua kwa dada yake, na baba yao akamkalisha chini. "Stesheni masta hanyang'anyi tokeni," alimwambia. "Anangoja apewe. Hata ikichukua siku nzima, anangoja."

Lishikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Anangoja apewe.

Ustaafu haukumtuliza. Mwanamaji hupaka rangi kila kinachosimama, na Ngatia alipaka nyumba rangi ya kijivu ya meli. Akapaka lango. Akapaka banda la kuku na bakuli la mbwa. Wachuka alipokuwa akienda shule ya bweni, sanduku lake la bati lilikuwa kijivu, na juu yake nanga nyeupe. Wasichana wakamwita Meli mpaka kidato cha nne. "Nililia muhula mzima," Wachuka anasema. "Halafu nikaona sanduku langu ndilo pekee halishiki kutu."

Rangi hiyo yote ilitoka dukani kwa Rasik. Wakazi wa Nyeri mnamjua, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ni Mhindi aliyezaliwa hapa, na Kikikuyu chake kinawashinda vijana wetu. Yeye na Ngatia walijuana Kiganjo, mabati ya Rasik yalipokuwa yakija kwa treni, na walijuana kwa kugombana, kwa sababu misumari yake iliwahi kupitilizwa hadi Nanyuki. Wakagombana wiki moja, wakawa marafiki maisha yote. "Ngatia," Rasik alizoea kumwambia, "mbwa wako akikaa vibaya, utampaka hata yeye."

Sasa turudi Skuta, siku ile kabla ya mazishi. Rasik alifika katikati ya ugomvi, na fimbo yake na sweta, na mifuko ya sukari ya kusaidia matanga. Akawakuta Wangui na tokeni kwenye mfuko wa aproni, Mutahi ameketi juu ya sanduku la samaki, na Wachuka mlangoni.

"Kuna nini hapa?" akauliza.

"Karibu, Rasik," Wangui akasema. "Watoto wako wanataka kugeuza jikoni yangu soko ya Mombasa. Ati baba yao alisema."

"Alisema, kweli," Rasik akajibu. "Mama Wachuka, naomba tokeni."

Wangui alimtazama. Watoto angeweza kuwanyima, lakini mgeni, rafiki wa mumewe, na mzee, hangeweza. Akaitoa kwenye aproni, akampa. Rasik akaishika kwa mikono miwili juu ya fimbo yake.

"Mimi sili samaki," akasema. "Sili nyama. Hata yai sili. Rasila, bibi yangu, akinusa samaki kwa sweta yangu, hiyo sweta inalala nje. Lakini kila Ijumaa nilikuja hapa, nikakaa huko nyuma na Ngatia akipika. Unajua nilikuwa nakula nini?"

Wangui akatikisa kichwa. Alikuwa akiwaona kila Ijumaa kupitia dirisha la jikoni, wazee wawili karibu na kuku, na alidhani wana siri zao za wanaume.

"Njugu," Rasik akasema. "Nilikuja na njugu kwa mfuko. Ili asile peke yake. Siku moja ya Julai mvua ilinyesha, sisi wote wawili chini ya hiyo paa ndogo, yeye na koti ya reli, moshi inatuingia macho. Nikamwambia, Ngatia, wewe ni mtu mzima, mwambie mama mwingie ndani. Akasema, 'Rasik, jikoni ni sehemu yake. Tokeni ni yake. Nangoja anipe.'"

Mutahi aliinuka kutoka kwenye sanduku, kama mtu aliyegundua amekalia kitu cha mtu.

"Miaka hiyo yote?" Wangui akauliza. Hakuwa na tokeni, lakini hakuna aliyemkumbusha.

"Miaka hiyo yote. Hakuwa na hasira, usifikiri hivyo. Alikuwa anacheka. Alisema, 'Siku yangu watapika ndani. Watu watakuwa wengi, hawatatosha huku kwa kuku.' Hakuwa na haja ya kulisha Nyeri nzima samaki, Mama Wachuka. Alitaka mara moja ipikwe ndani ya nyumba yake." Rasik akanyoosha mkono. "Chukua. Ni yako. Mimi nimemaliza."

Wangui akaipokea.

Wachuka anasema wakati huo hakumfikiria mama yake. Alijifikiria mwenyewe. Alikuwa amepita nyuma ya nyumba Ijumaa nyingi, akaona mzee anapuliza moto, akamwambia, "Baba, utashikwa na baridi," akaendelea na safari yake. Mwiko ulikuwa pale. Kigoda kilikuwa pale. Hakuwahi kuketi.

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijawaambia alichofanya Wangui, niseme linalostahili kusemwa. Kwa Mama Wangui, kwa Wachuka, kwa Mutahi, kwa Mzee Rasik aliyebaki na njugu zake, na kwa wote waliofanya kazi na Simeon Ngatia majini na relini, poleni sana. Poleni kwa moyo wetu wote. Mwenyezi Mungu awape nguvu, na ampumzishe mzee mahali pema.

Na ninyi mnaonisikiliza mkiwa jikoni, dukani, shambani, nitawauliza jambo moja, na sitalizungusha. Kwenu nyumbani, ni nani anayekula nje? Si lazima awe na sufuria. Pengine ni yule ambaye mziki wake hamuutaki, au dini yake, au hadithi yake mliyochoka kuisikia. Hanung'uniki. Amekubali. Mnamwona kupitia dirisha. Msisubiri mzee wa watu aje na fimbo awaambie. Simeon Ngatia, mwanamaji, stesheni masta, alijua kungoja kuliko mtu yeyote wa mlima huu, na hata yeye muda ulimwishia.

Haya. Jikoni.

Wangui aliiangalia ile tokeni. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Wachuka alidhani mama yake amekwenda kulia karibu na banda la kuku, akataka kumfuata, na Rasik akamzuia kwa fimbo. Wakasikia chuma kikikwaruza msumari.

Wangui alirudi na sufuria. Ilikuwa nyeusi kwa masizi. Akaipitisha mlangoni, akaivusha kizingiti, akaiweka kwenye sinki yake, akachungulia ndani.

"Buibui," akasema. "Mwanamume amepika na buibui miaka yote hii, na hamwambii mtu."

Akaisugua kwa mchanga na majivu, kwa nguvu, maji yakimrukia mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, na kama maji mengine yalitoka machoni, hakuna aliyeyatofautisha. Akaisuuza. Akaitazama upande wa chini, akaona inang'aa kidogo. Akaiweka juu ya jiko lake, katikati.

Halafu akamwendea Wachuka, akamtia tokeni mkononi, akamfunga vidole juu yake.

Wachuka alikuwa na mengi ya kusema tangu asubuhi. Alikuwa ameyapanga. Ahadi, hospitali, aibu ya kuvunja neno alilompa mtu anayekufa. Alifungua kinywa, na yote yakawa hayana kazi tena.

"Mutahi," akasema, "leta samaki."

"Na wewe, Rasik," Wangui akasema, "utakaa ndani leo. Njugu iko?"

"Iko."

Akaitazama ile sufuria, akatazama verandani masanduku yalivyopangana, akafungua kabati lake la chini, lile lenye sufuria kubwa za Krismasi na za harusi.

"Hii ya baba yenu haitatosha watu," akasema. "Toeni na zangu zote."

Akainama, akawasha moto.